Amekamatwa kwenye Maandamano: La Kufanya kutoka Saa ya Kwanza hadi Lango la Luzira

Kibanda changu cha fotokopi kiko hatua chache kutoka mahakama moja hapa Kampala. Kwa kuwa nimezaliwa Busia na nimelelewa kwa Kiswahili, wanaokwama na Kiingereza cha mahakamani huelekezwa kwangu: akina mama wa Arua, Wakongo wa Kisenyi, vijana wa boda. Siku ya maandamano mtu hufika ameshika kitambulisho cha mwenzake mkono mmoja, na mkono wa pili simu inayokata chaji. Simuulizi kwanza jina la aliyekamatwa. Namuuliza, "Mama, alikamatwa saa ngapi?"

Wengi hawajui. "Asubuhi asubuhi," wataniambia. Hapo ndipo mambo yanapoanza kuharibika, kwa sababu Katiba ya Uganda ya 1995, ibara ya 23, inawapa polisi saa 48 tu za kumfikisha mtu mahakamani, zikihesabiwa tangu alipokamatwa. Usipojua zilipoanza huna hesabu, na asiye na hesabu kila afande atamwambia "bado".

Ninayoandika hapa ni ya familia na marafiki wa mtu aliyekamatwa kwa kuandamana kwa amani. Wakili ana kazi yake na siwezi kuifanya. Haya ni ya kufanya wakati wakili anatafutwa, na baada ya kupatikana, maana wakili naye atakuuliza saa.

Kabla ya kutoka nyumbani

Anayejua kwamba kesho anaandamana aache bahasha nyumbani, kwa mtu asiyeandamana. Ndani aweke nakala tatu za kitambulisho cha taifa, barua ya utambulisho kutoka kwa mwenyekiti wa LC1, yaani serikali ya mtaa, wa mahali anapokaa sasa (si kijijini alikozaliwa), namba za watu wawili au watatu watakaokubali kumdhamini, jina la wakili, na majina ya dawa anazotumia. Namba ya wakili aiandike kwa kalamu ya wino kwenye mkono wake mwenyewe. Simu ndiyo hunyang'anywa kwanza.

Simu hiyo ifunguliwe kwa namba ya siri, si kwa kidole wala uso. Kidole chako kinaweza kushikwa kikabandikwa kwenye kioo; namba iliyo kichwani haishikiki.

Kuhusu ruhusa: ibara ya 29 ya Katiba inalinda haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha. Sheria ya kusimamia mikusanyiko ya umma ya mwaka 2013 inataka waandaaji wawapelekee polisi taarifa ya maandishi, siku zisizopungua 3 wala kuzidi 15 kabla ya tukio. Hiyo ni taarifa. Si barua ya kuomba. Machi 2020 Mahakama ya Katiba ilitengua kifungu cha 8 cha sheria hiyo, kilichokuwa kikiwapa polisi nguvu za kuzuia mikutano. Hata hivyo usidanganyike: tarehe 23 Julai 2024 vijana walipojaribu kuandamana hadi Bunge kupinga ufisadi, makumi walikamatwa kabla hawajasogea, na wengi wakaishia gereza la Luzira. Kwa hiyo mwandaaji apeleke taarifa yake, adai nakala igongwe mhuri wa kupokelewa, na nakala hiyo ikae ndani ya bahasha. Wakikataa kugonga mhuri, aandike tarehe, saa na jina la afisa aliyekataa. Karatasi hiyo haimzuii mtu kukamatwa. Itafanya kazi baadaye, mbele ya hakimu.

Saa ya kwanza

Chukua daftari. Lile la shule la kurasa 32 linatosha. Juu ya ukurasa andika siku, tarehe, saa na mahali alipokamatwa, halafu gari: rangi, namba, au kwamba halina namba. Andika waliomkamata walivaa nini, na nani aliona. Ukurasa wa pili ni wa kila unachoambiwa na kila unayezungumza naye kuanzia hapo.

Kwenye saa kuna mtego wetu sisi tunaohesabu kwa Kiswahili, na Waganda wanaohesabu kama sisi. Wakili ataandika hati ya kiapo kwa Kiingereza. "Saa nne" ya asubuhi ikigeuzwa na mtu mwenye haraka inakuwa 4:00, yaani saa kumi ya usiku, na wakili wa serikali atafurahi sana kuonyesha kwamba kiapo chenu hakiaminiki. Nimeona hilo likitokea. Andika zote mbili: saa nne asubuhi, 10:00. Basi kama ni Jumanne 10:00, saa 48 zinaisha Alhamisi 10:00. Jumamosi na Jumapili nazo zimo ndani ya hesabu, maana Katiba haikuzitoa. Ndiyo sababu watu wengi wanaokamatwa Ijumaa jioni huambiwa "Jumatatu", kana kwamba wikendi inasimamisha saa.

Kumtafuta

Wazee hapa bado wanakumbuka "panda gari", misako ya miaka ya 1980 ambapo askari waliwapakia watu kwenye malori, na maneno yenyewe yalikuwa Kiswahili. Siku hizi linaloogopwa ni "drone", Toyota Hiace isiyo na namba. Lakini kwa maandamano ya mchana kweupe, mara nyingi mtu hupakiwa kwenye pikapu ya polisi na kupelekwa kituo cha karibu. Katikati ya Kampala anza na kituo kikuu, CPS, kisha vituo vinavyozunguka.

Nendeni wawili, mmoja aulize, mwingine aandike. Kaunta ombeni kwa adabu waangalie kitabu. Msitosheke na "hayupo". Ulizeni kama kuna namba ya SD, yaani ya kitabu cha matukio ya siku, na kama faili imefunguliwa, namba ya CRB. Namba hizo mbili ndizo zitakazofanya kila ofisi nyingine ikusikilize. Ulizeni pia jina la mpelelezi, maana OC, mkuu wa kituo, atawarusha kwa CID, idara ya upelelezi, na CID atawarusha kwa mpelelezi.

Kiswahili hapa kina mambo yake. Ni lugha ya polisi na jeshi Uganda, na wako wanaokiogopa tangu enzi za Amin. Kaunta, hata hivyo, "Habari ya kazi, afande, tunamtafuta kijana wetu" imenifungulia milango mingi kuliko Kiingereza changu cha kuokoteza. Usipaze sauti. Usirekodi video kaunta. Utaishia upande wa pili wa kaunta na familia ibaki na watu wawili wa kutafuta.

Kituoni

Ibara ya 23 inasema aliyekamatwa aambiwe papo hapo, kwa lugha anayoielewa, kwa nini amekamatwa na kwamba ana haki ya kuwa na wakili anayemtaka. Ndugu yake apewe taarifa akiomba. Ndugu, wakili na daktari wake waruhusiwe kumwona, na apate matibabu, hata ya hospitali binafsi kama atalipa mwenyewe. Mkipata dakika moja ya kuzungumza naye, mwambieni mambo mawili tu.

La kwanza: aseme jina lake na anapokaa, vilevile kama vilivyo kwenye barua ya LC1, kisha aseme ataandika maelezo wakili akiwepo. Asitie saini karatasi asiyoisoma, wala iliyoandikwa kwa lugha asiyoielewa. Sheria ya ushahidi haikubali ungamo alilotoa mtu akiwa mikononi mwa polisi, ila likitolewa mbele ya hakimu au afisa wa cheo cha inspekta msaidizi kwenda juu. Lakini karatasi yenye saini ni karatasi yenye saini, na kuiondoa kwenye faili ni kazi ya miezi.

La pili: kama ameumizwa, aseme wapi, na aombe kupimwa. Aliyepigwa anastahili fomu ya polisi ya PF3. Mtuhumiwa anayepimwa mwili hujaziwa PF24. Michubuko hufifia baada ya wiki, fomu haififii. Mwanamke apekuliwe na mwanamke mwenzake, na hilo halina mjadala.

Sasa ombeni bondi. Watu huchanganya bondi na dhamana: bondi hutolewa na polisi kituoni, dhamana na mahakama. Bondi ni bure. Vituo vingi vimebandika hilo ukutani, na chini ya bango hilohilo utaambiwa utafute "mafuta ya gari". Mimi siwezi kukuamulia. Najua familia zilizolipa na mtu akatoka, na najua zilizolipa mara tatu na mtu akapelekwa mahakamani palepale. Ninalosema ni hili: omba risiti. Asiyeweza kukupa risiti hana bei, kwa hiyo na wewe huna deni. Mkinyimwa bondi, andikeni kwenye daftari nani amekataa na sababu aliyotoa.

Saa 48 zikipita

Saa 48 zikiisha bila mahakama, daftari linahama kutoka mkononi mwako kwenda kwa wakili. Anaweza kwenda mahakamani kuomba aachiwe bila masharti. Kama hakuna hata anayekiri kumshikilia, ataomba amri ya kumleta mtu mahakamani, ile mawakili wanayoiita habeas corpus. Katiba inasema haki hii haiwezi kusimamishwa kwa hali yoyote, na ibara ya 44 imeiweka pamoja na haki ya kutoteswa.

Mkiwa hamna wakili, msikae mkisubiri mmoja. Chama cha mawakili, Uganda Law Society, huendesha huduma ya msaada wa kisheria. Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda ina mamlaka ya kikatiba ya kukagua magereza na mahabusu, na ina ofisi mikoani, kwa hiyo aliyekamatwa Arua au Gulu hahitaji kusafiri Kampala kulalamika. DefendDefenders, yenye makao yake Kampala, huwasaidia watetezi wa haki wa kanda nzima. Pigeni simu kwa zaidi ya mmoja. Agosti 2021 ofisi ya serikali ya kusajili mashirika ilisimamisha mashirika 54 kwa mpigo, na aliyekuwa anategemea moja tu alibaki njia panda. Mawakili wenyewe hukamatwa: Nicholas Opiyo alichukuliwa Desemba 2020, na Januari 2025 Eron Kiiza alihukumiwa miezi 9 na mahakama ya kijeshi, katika shauri alilokwenda kumtetea mtu.

Mahakamani

Kwa maandamano ya Kampala, kesi nyingi hupelekwa mahakama ya Buganda Road. Fikeni mapema, wanaume wa familia wakiwa wamevaa shati lenye kola na akina mama wakiwa na gomesi au kitenge. Msiniulize kwa nini. Hakimu ni binadamu.

Hati ya mashtaka haitasema "ameandamana". Itasema kuwa kero kwa umma, au kusanyiko lisilo halali, au kuchochea vurugu, au kumzuia polisi kufanya kazi yake. Kero kwa umma ndiyo inayopendwa zaidi, kosa dogo lenye adhabu isiyozidi mwaka mmoja. Udogo wake ndio utakaomwombea dhamana. Kwa nje ni kama faini ya kutupa takataka, kwa ndani ni wiki mbili za rumande kila kesi inapoahirishwa.

Asiyeelewa Kiingereza aseme kabla mashtaka hayajasomwa: anataka mkalimani wa Kiswahili, au wa lugha yake. Ibara ya 28 inampa bila malipo. Akiitikia kichwa kwa aibu, itaandikwa kwamba ameelewa.

Kisha dhamana, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipojifunzia kwa uchungu. Mtoto wa dada yangu alikamatwa miaka kadhaa iliyopita. Tulifika mahakamani wadhamini wawili, mimi na shemeji, na barua ya LC1 niliyopiga kopi kwa mkono wangu mwenyewe. Barua ilitaja zone anapolala. Maelezo yake polisi yalitaja zone ya jirani, kwa sababu alipoulizwa anakaa wapi alitaja steji anakoshukia, kama tufanyavyo sote. Hakimu alishika karatasi mbili, moja kila mkono, akaangalia hii, akaangalia hii, akaziweka chini. Mahali anapokaa hapajulikani. Wiki mbili nyingine. Dada yangu hakuniambia neno njia nzima ya kurudi, na ninge­penda afadhali angenitukana.

Kwa hiyo barua ya mshtakiwa iwe na jina kamili kama la kitambulisho, zone, parokia (ile ya serikali, si ya kanisa), na muda aliokaa hapo. Kila mdhamini naye awe na barua kutoka kwa LC1 wake mwenyewe, kitambulisho halisi na nakala, na kitu kinachoonyesha kazi yake: kadi ya kazi, leseni ya biashara. Mhuri usomeke. Mihuri ya LC1 wengi imechakaa na wino umekauka; mwambie mzee agonge tena mahali pengine kwenye karatasi, hatakasirika. Mdhamini ajue uhusiano wake na mshtakiwa na aweze kuutaja bila kubabaika. Shangazi ni bora kuliko rafiki wa WhatsApp. Chukueni mdhamini wa tatu wa akiba, kwa maana mmoja lazima atakwama kwenye foleni ya Jinja Road.

Hakimu akitaka fedha taslimu, zilipwe benki kwa namba ya malipo inayotoka mahakamani, si mikononi mwa karani anayekuita pembeni. Risiti iandikwe jina la aliyelipa. Fedha hizo hurudishwa kesi ikiisha, na bila risiti hazirudi.

Kama aliteswa, au alikaa zaidi ya saa 48, wakili aseme siku hiyohiyo ya kwanza, na hakimu aandike. Sheria ya utekelezaji wa haki za binadamu ya 2019 inaruhusu mahakama kufuta kesi nzima ikionekana mshtakiwa alinyimwa zile haki ambazo Katiba haikubali ziguswe, kama kutoteswa. Pia inamfanya afisa mwenyewe awajibike binafsi. Hapa ndipo PF24 na lile daftari vinapolipa.

Akipelekwa Luzira

Dhamana ikikataliwa, basi la magereza huelekea Luzira, chini ya Port Bell Road kando ya ziwa, au wakati mwingine Kitalya kule Wakiso. Siku mbili za kwanza usiende na chakula kingi. Nenda na kitambulisho, uliza langoni siku za kutembelea na vitu vinavyokubaliwa, kwa sababu hubadilika na langoni hawabishani. Mlo wa ndani ni posho, yaani ugali, na maharage. Kila wodi ina mfungwa kiongozi anayeitwa katikiro, kama waziri mkuu wa Kabaka, mfalme wa Buganda. Mwambie wako amheshimu. Dawa peleka kupitia zahanati ya gereza, zikiwa kwenye pakiti yake na barua ya daktari.

Mkikataliwa na hakimu, ombi linaweza kwenda Mahakama Kuu. Hesabu nyingine nayo imeanza: kwa kosa ambalo hakimu wa kawaida anaweza kulisikiliza, mtu akikaa rumande siku 60 kesi haijaanza, Katiba inataka aachiwe kwa dhamana. Kwa makosa ya Mahakama Kuu peke yake, kama uhaini, ni siku 180 kesi ikiwa haijapelekwa rasmi Mahakama Kuu. Ndiyo maana aina ya shtaka ina uzito kuliko idadi ya mashtaka. Waulize wafuasi wa Kizza Besigye, mwanasiasa wa upinzani aliyenyimwa dhamana tena na tena mwaka 2025 kwa shtaka la uhaini.

Akiwa mikononi mwa jeshi, au hajulikani aliko

Tarehe 31 Januari 2025 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kuwashtaki raia kwenye mahakama za kijeshi ni kinyume cha Katiba. Juni mwaka huohuo Rais akatia saini sheria mpya ya jeshi inayorudisha baadhi ya raia huko. Kesi ya aina hii haina njia ya mkato ya kibanda cha fotokopi. Ni ya wakili mzoefu, leo, si kesho.

Asiyejulikana aliko, majina yatangazwe. Wanaharakati wawili wa Kenya, Bob Njagi na Nicholas Oyoo, walichukuliwa Uganda tarehe 1 Oktoba 2025, na kwa wiki kadhaa hakuna ofisi iliyokubali kuwa nao. Jamaa zao hawakunyamaza. Waliachiwa baada ya siku 38, wakakabidhiwa kwenye mpaka wa Busia, nyumbani kwetu, na Rais Museveni mwenyewe akakiri kwamba walikuwa wameshikiliwa. Mgeni akikamatwa, ubalozi wake ujulishwe siku hiyohiyo. Mkimbizi, ijulishwe UNHCR pia.

Akitoka

Mpelekeni kwa daktari kabla ya sherehe. ACTV, kituo cha kuwahudumia walioteswa, kipo Kampala. Ombeni simu na vitu vyake kwa orodha, na visivyorudi viandikwe.

Halafu kuna tarehe za kurudi mahakamani, na hizi ndizo huwaangusha watu. Wanafunzi tisa waliokamatwa Oktoba 2022 wakipinga bomba la mafuta la EACOP waliendelea kuitwa mahakamani kwa zaidi ya mwaka, hadi kesi ilipofutwa Novemba 2023. Kila mara mashahidi wa serikali hawapo, kila mara mshtakiwa lazima awepo. Akikosa siku moja tu, hati ya kumkamata inatoka na wadhamini wanaitwa kujieleza. Andikeni tarehe inayofuata kwenye jalada la daftari, kwa herufi kubwa, pamoja na namba ya kesi na jina la hakimu. Mpe nakala kila mdhamini. Mimi nakala hiyo siilipishi.